Vitanzi viko chini, kosa liko juu

Januari, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, mama jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, alikuja amebeba kichwa cha cherehani yake kwenye beseni. Nilimwamkia, akaitikia huku akitua mzigo. "Mwanangu, hiki kimekufa. Nina sketi mbili za wajukuu na kinatapika uzi chini."

Kweli kilikuwa kinatapika. Sketi ikitazamwa kwa juu, mshono umenyooka. Ukiigeuza, vitanzi vimejazana kama manyoya, na ukivuta uzi mmoja mshono wote unafumuka. Kwa kuwa ubaya ulionekana chini, mama alichukua bisibisi akakaza skrubu ya kijumba cha bobini, yaani kile kikopo kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini. Vitanzi vikabaki. Akakaza tena, na tena.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokumbatiana, na mahali pake pa kukumbatiana ni katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu usiposhikwa sawasawa, wa chini unauvuta hadi upande wa pili, na vitanzi unavyoviona chini ni vya uzi wa juu. Ukitaka kuthibitisha, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kipande cha kitambaa kisha ukigeuze. Rangi itakuambia nani amelegea.

Nilichofanya ni kuchomoa uzi wote wa juu, kuinua mguu unaokandamiza kitambaa, na kupitisha uzi upya. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya kubana uzi vinakuwa vimefumba, kwa hiyo uzi unakaa pembeni badala ya kuingia katikati yake. Mguu ukiinuliwa vinaachia, na uzi unazama mahali pake. Baada ya hapo shusha mguu, uvute uzi kwa mkono: lazima usikie ukikataa kidogo. Ukiteleza tu, bado haujaingia.

Kazi hiyo ilichukua dakika moja. Kilichotula saa nzima ni kurudisha ile skrubu ya bobini iliyokwisha kukazwa, maana sasa uzi wa chini ulikuwa mkali mno na ulijitokeza mstari mmoja ulionyooka chini ya sketi, huku ukiuvuta wa juu. Tuliilegeza kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko kila mara, tukipima kwa kuning'iniza kijumba kwenye uzi wake. Kinapaswa kutulia hewani, na ukitikisa mkono kishuke kidogo halafu kisimame. Kikiporomoka, kimelegea, kikigoma kabisa, kimekazwa mno.

Ndiyo maana nasema skrubu iguswe mwisho kabisa, na ya bobini iwe ya mwisho kuliko zote. Kabla yake kuna mambo ya kutazama. Sindano iliyopinda au butu, badilisha. Namba 14 inatosha kitenge na kitambaa cha sare, jinzi inataka 16. Uzi uingie kwenye tundu kutoka upande wenye mfereji mrefu. Halafu usafi, na hapa Mbeya nausisitiza sana, kwa sababu kiangazi vumbi linaingia hata kabatini. Likichanganyika na manyoya ya nyuzi linajibana chini ya kibati kinachobana uzi kwenye kijumba cha bobini, na uzi unapita bila kushikwa. Toa kijumba, piga brashi, pitisha ncha ya karatasi chini ya kibati.

Unapohama kutoka kitambaa chepesi kwenda kizito, hapo geuza kirungu cha kukaza uzi wa juu bila woga. Kama kina namba 0 hadi 9, anza na 4 na usogeze nusu namba tu.

Ombi langu ni kwa wanaouza cherehani za mitumba pale Mwanjelwa, na kwa mafundi wanaofundisha mabinti: mwonyesheni mnunuzi au mwanafunzi kuinua mguu kabla ya kupitisha uzi. Inaniuma kuona mama analipia matengenezo mara tatu kwa mwaka kwa jambo ambalo angelifanya mwenyewe akisubiri chai ichemke.

Sketi zilimalizika saa nne usiku. Kile kipande chenye uzi mwekundu na mweupe mama alikikunja, akaondoka nacho ndani ya beseni.