Mdomo Umefungwa, Sauti Bado Inasema: Mvuto wa Sinema za Zamani za Kungfu na Vichekesho

Mdomo umeshafungwa, sauti bado inasema. Mzee mwenye nyusi nyeupe za kubandika anacheka kwa sauti ya kijana, na adui yake anamjibu kwa Kiingereza ambacho sijapata kumsikia Mwingereza yeyote akikisema. Ngumi inapita shibiri nzima mbali na shavu, lakini mlio wake ni wa mbao iliyopasuka. Weka sinema ya zamani ya kungfu ya aina hiyo kwenye simu leo, mbele ya vijana wa Majengo au Kisauni hapa Mombasa waliozoea picha safi za kompyuta, uone: watacheka, watakejeli, na hawataondoka. Baba zao walizitazama kwenye vibanda vya video, wamebanana kwenye mabenchi, nao walicheka vilevile.

Jibu la haraka, ambalo husikika barazani kila mada hii ikizuka, ni kwamba tunacheka ubovu wake tu. Kwamba haya ni mabaki ya enzi za kanda, na anayezisifu anasifu utoto wake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini haliwezi kueleza kwa nini sinema nyingine mbovu za miaka hiyohiyo zimesahauliwa na hizi bado zinatafutwa.

Tuanze na hiyo sauti isiyoafikiana na mdomo. Studio za Hong Kong kwa miaka mingi zilipiga picha bila kurekodi sauti kabisa. Sauti ilitiwa baadaye, hata ile ya Kichina chenyewe, maana filamu moja ilitakiwa iuzwe kwa wasemaji wa Kikantoni, wa Kimandarini na kwa walimwengu wengine. Kiingereza kilitiwa na vikundi vidogo vya wageni waliokuwa wakiishi Hong Kong, ndiyo sababu jambazi wa sinema hii ana sauti ya babu wa sinema ile. Ilikuwa kazi ya haraka na ya bei nafuu, na kwa urahisi huohuo sinema zikasambaa mpaka bandari kama yetu. Tunachokicheka ni alama ya biashara iliyotufikia.

Sasa mwili. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na kwa miaka kadhaa watengenezaji wakahangaika kumtafuta mwingine wa kununa kama yeye, mpaka wakabandika majina kama Bruce Li na Bruce Le kwenye mabango. Njia ilipatikana mwaka 1978, pale mwongozaji Yuen Woo-ping alipomchukua Jackie Chan kwa "Drunken Master". Shujaa wake, Wong Fei-hung, alikuwa mtu wa kweli wa Guangdong, tabibu na mwalimu wa kungfu. Tangu 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemcheza katika filamu zaidi ya 70 kama mzee wa heshima asiyekosea. Jackie Chan akamgeuza kijana mtundu, mvivu, anayetandikwa mpaka na shangazi yake. Ilikuwa sawa na kumchukua mzee mnayemtaja kwa adabu mkaonyesha alivyokuwa akiiba maembe.

Utundu ule ulikuwa na msingi mgumu. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa kwenye chuo cha opera ya Kipeking cha mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, wakijifunza kuimba, kupindua sarakasi na kushika silaha tangu wakiwa watoto wadogo. Ndiyo maana kamera inaweza kukaa mbali, miili yote miwili ikaonekana kuanzia utosini hadi unyayoni, na mapigo yakafululiza kabla picha haijakatwa. Benchi linarushwa, linakingwa, linakaliwa, linageuka silaha. Sinema nyingi za siku hizi hukata picha kila pigo, hujui nani kampiga nani. Kwenye hizi za zamani nyusi ni za uongo, sauti ni ya uongo, hadithi aghalabu ni ileile ya kisasi, ila mguu ule uliopanda juu ya kichwa umepanda kweli. Nadhani hapo ndipo mvuto ulipo. Upuuzi wote ule unaukaribisha ustadi, na ustadi unaufanya upuuzi uvumilike.

Mtu wa pwani ana sababu ya ziada ya kulielewa hili. Tuna kirumbizi, wanaume wawili na bakora zao, ngoma na zumari nyuma, na sifa iko kwenye madaha na kukinga, siyo kumpasua mwenzio. Vita kuwa mchezo, na mchezo kuwa na muziki wake, si jambo geni kwetu. Na aliyepitia chuo cha Kurani anamfahamu mara moja yule mwanafunzi wa sinema hizi anayetumwa maji, anayekariri jambo lilelile mpaka limwingie, na mwalimu wake mkali asiyesifu.

Wapinzani wana hoja zao, na si zote za kupuuza. Ile ya kwamba watoto watapigana mateke sina la kuongeza. Watoto walirushiana mateke kabla ya video na wataendelea. Hoja ya pombe ni nzito zaidi. Hapa mjini kwa Waislamu wengi, tumewaachia watoto sinema ambayo shujaa hupata nguvu kwa kulewa, na mlevi ndiye mwalimu. Utetezi wa kawaida ni kwamba ulevi ule ni mtindo wa kupigana, wa kuyumba ili adui asijue pigo litatokea wapi. Ni kweli kwa sehemu, lakini mtungi anaoushika una pombe ndani yake, na filamu haifichi. Mwaka 1994 Jackie Chan aliurudia mchezo huo, na mara hii shujaa anashinda kwa kunywa pombe ya viwandani. Toleo la Hong Kong lilimalizika kwa kumwonyesha amepofuka na akili zimemruka. Filamu ilipotolewa Marekani mwaka 2000, sehemu hiyo ilikatwa, ukabaki ushindi. Wengi waliotazama toleo hilo waliona nguvu wasione malipo yake. Kweli, hata mwisho ule uliokatwa ulichezwa kwa mzaha, na Kenya, ambako watu wamepofuka kwa pombe yenye methanoli, sidhani mzaha ule ungechekesha kila nyumba. Lakini angalau ulikuwepo.

Kuhusu wanawake, mara nyingi wao ni wa kupiga kelele au wa kuokolewa. Hata hivyo ile filamu ya 1978 ina jambo ambalo limenifanya niitazame tena. Mwalimu anamfundisha kijana mitindo ya miungu wanane walevi. Wa nane ni mwanamke, na kijana anaudharau mtindo wake, haujifunzi. Kwenye pigano la mwisho mitindo yote saba inashindwa, na hana budi kuubuni huo wa nane palepale: anarembua, anajitazama kwenye kioo cha kuwaza, anatembea kwa maringo, huku akimmaliza adui. Unaweza kusema filamu inawakejeli wanawake, na hutakuwa umekosea. Unaweza pia kusema inamwadhibu kijana kwa dharau yake. Mimi naona yote mawili yamo, na kicheko cha ukumbini hakichagui.

Linalonikera zaidi linatokea nje ya skrini. Tangu reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya Kichina, ianze kubeba abiria mwaka 2017, na hata wakati wa kuijenga, Wachina wamekuwa watu wa kuonekana kila siku Mombasa. Mhandisi anashuka kituo cha Miritini na begi lake, na kuna kijana atakayemwinulia mguu na kumtolea sauti za kuigiza Kichina. Sinema hazikumfundisha dharau hiyo peke yake, lakini zilimpa sauti ya kuiga, tena sauti ambayo, kama nilivyoeleza, mara nyingi haikuwa hata ya Mchina.

Kuna pia kizazi cha filamu zilizojitengeneza mbovu kwa makusudi. Mwaka 2002 Mmarekani Steve Oedekerk alichukua filamu ya Hong Kong ya 1976 akajipachika ndani yake na kutia sauti za upuuzi. Mwaka 2015 Msweden David Sandberg alitoa "Kung Fury", nusu saa ya kuzidhihaki kanda za miaka ya 1980. Zinachekesha kwa dakika chache, kisha mimi huchoka. Mcheshi amesimama juu ya kazi ya wengine anaielekezea kidole, na ukingoja mguu upande kweli, haupandi. Linganisha na Stephen Chow katika "Kung Fu Hustle" ya 2004. Kompyuta zimetumika mpaka basi, lakini mwenye nyumba na mkewe wamechezwa na Yuen Wah na Yuen Qiu, waliotoka kwenye chuo kilekile cha Yu Jim-yuen. Mama yule mwenye vibano kichwani na sigara mdomoni, anayewafungia wapangaji maji, mpangaji yeyote wa chumba kimoja Majengo atamtambua kabla hajapiga teke lolote.

Mwisho kuna wasimulizi wetu, na DJ Afro ndiye maarufu kuliko wote Kenya. Anaifunika sauti ya zamani kwa Kiswahili chake, anawapachika wahusika majina ya mtaani na mizaha ya kwake. Wapo wanaoona anaharibu kazi ya watu. Mimi siwafuati, maana sauti anayoifunika ilikuwa tayari ya kupandikizwa. Kinachopotea ni historia. Hadithi nyingi za Shaw Brothers, studio kubwa ya Hong Kong, zinahusu Wachina wa Han, ambao ndio wengi China, chini ya watawala wa Manchu waliotoka kaskazini, na vibandani habari hiyo hugeuka ugomvi wa majambazi wawili. Ningependa msimulizi amwambie mtazamaji wa Likoni kwa nini wanaume wale, anaowacheka kwa nywele zao, wamenyoa kipaji na kusuka mkia mmoja mgongoni: mwaka 1645 ilikuwa amri, na aliyeikaidi aliuawa. Nafasi ya kusema hayo ipo, pale mahasimu wanapokodoleana macho muda wote ule kabla ya pigo la kwanza.