Mbwa mkali au mwenye mbwa? Lawama huwa inakuja baada ya jino

Pita mtaa wowote wenye mageti Dar au Nairobi utakuta kibao MBWA MKALI (Wakenya wanaandika Mbwa Kali, leo tusigombane), ila sijawahi hata siku moja kuona kibao kimeandikwa mwenye mbwa mzembe. Nalisema hili kwa sababu kila ukizuka mjadala wa kupiga marufuku aina fulani za mbwa, watu wengi wanajibu chapchap kwamba hakuna mbwa mbaya, kuna mwenye mbwa mbaya, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, habari imeisha. Jibu tamu hilo na mimi mwenyewe nimelitumia sana tu. Siku hizi nikilisikia naona kuna watu hawajasikilizwa, wale wanaosema hapana bwana, kuna mbwa wengine bora wasiwepo kabisa mtaani. Hao wanaonekana waoga, au watu wenye roho mbaya wasiopenda wanyama. Hoja yao hata haifikiwi.

Nchi nzuri ya kuipimia hii ishu ni Uingereza manake wenzetu wamejaribu karibu kila kitu. Mwaka 1991 bunge lao lilipitisha sheria ya mbwa hatari ikataja aina nne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Zaidi ya miaka 30 baadaye wakaongeza wa tano, XL Bully, jibwa nene la ukoo wa pitibuli. Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati ule, alitangaza Septemba 2023, na kuanzia 31 Desemba mwaka ule England na Wales ikawa marufuku kumuuza, kumgawa bure, kumzalisha au kumtelekeza, halafu kuanzia 1 Februari 2024 kukaa naye tu bila cheti ni kosa. Cheti kilikuwa pauni 92.40, mbwa ahasiwe, awekewe chipu, akatiwe bima, na akitoka nje awe amefungwa mdomo na kamba shingoni. Scotland na Ireland Kaskazini wakafuata ndani ya mwaka huohuo.

Wanaopinga wana hoja nzito, tusiwafanyie dhuluma. Kwanza sheria yenyewe inaangalia umbo, haiangalii tabia: dume wa XL Bully anaanzia sentimita 51 kwenda juu, jike 48, halafu wanatazama kichwa, kifua, shingo. Yani mtu anakuja na futi kumpima mbwa wako kama anapima mbao. Mbwa ambaye hajawahi hata kumfokea mtoto anaweza kuchukuliwa akakae kwenye banda la polisi miezi, na sheria ya 1991 inasema polisi wakidai ni aina iliyokatazwa, kazi ya kuthibitisha kwamba siye ni yako wewe. Tena mpaka ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1997 mahakama haikuwa na ujanja mwingine zaidi ya kuamuru auawe. Pia wanasema, na ni kweli, kwamba kung'atwa hakukupungua: waliolazwa hospitali za England kwa sababu ya mbwa walikuwa kama 4,100 mwaka 2005, miaka kumi baadaye wakapita 7,000. Uholanzi walikuwa na marufuku yao ya pitibuli tangu 1993 wakaja kuifuta baada ya kuona haipunguzi kitu. Italia nao walifuta orodha yao mwaka 2009 wakaelekeza nguvu kwa wenye mbwa. Mwaka 2018 kamati ya bunge la Uingereza yenyewe ilisema sheria ile inahitaji kutazamwa upya yote.

Sawa. Mpaka hapo unaweza kudhani kesi imeisha.

Ila hebu nikuulize kitu kimoja, mwenye mbwa unamlaumu lini? Novemba 2021, Caerphilly kule Wales, mtoto wa miaka 10 alienda kucheza nyumbani kwa rafiki yake baada ya shule, akauawa na XL Bully. Mbwa yule alikuwa ameletwa kwenye ile nyumba siku chache tu kabla. Wahusika walipelekwa mahakamani na mwaka 2022 wakafungwa, mmoja miaka mitatu mwingine minne na nusu, na sheria inaruhusu mpaka miaka 14 kwa mwenye mbwa aliyeua. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba Uingereza haimlaumu mwenye mbwa, inamlaumu sana tu, na inamfunga. Lakini yote hayo yanafanyika baada ya jino kuingia. Na malezi hapo unayatafutia wapi, kwa mbwa aliyekaa na watu siku chache? Aliyemlea ni nani, yule wa kwanza, wa pili, au aliyemzalisha?

Hapa ndo naona hoja ya marufuku inaeleweka vibaya. Watu wanadhani anayetaka marufuku anasema mbwa ndo mwenye hatia, hapana, mbwa hana hatia yoyote, hatia ni mambo ya mahakamani. Anachosema ni kwamba uzembe wa binadamu upo na utaendelea kuwepo, geti litasahaulika wazi, kamba itamponyoka mtoto aliyetumwa kumtembeza, mtu atamchukua mbwa wa bure bila kujua ametoka wapi, sasa uzembe uleule ukimkuta kibwa cha kilo sita unashonwa nyuzi mbili unarudi nyumbani, ukimkuta jibwa la kilo hamsini lenye taya zile na lisiloachia, unazikwa. Mtu ni yuleyule na uzembe ni uleule, kilichobadilika ni mbwa tu.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo inanisumbua kuliko zote, manake inatembea kila mahali na kila anayeitumia anadhani imemaliza mjadala. Shirika la kutetea wanyama la Uingereza, RSPCA, lilisema mwaka 2016 kwamba tangu sheria ya 1991 watu 30 walikufa kwa mashambulizi ya mbwa, na 21 kati yao waliuawa na mbwa ambao hawamo kwenye orodha. Wapinzani wa marufuku wanaishika hii kama msahafu: unaona, wengi wanauawa na mbwa walioruhusiwa! Mara ya kwanza nilipoisoma na mimi nikasema enhee. Nikalala nayo. Asubuhi nikajiuliza, kwani waliobaki ni wangapi? Tisa. Na mbwa wa orodha Uingereza nzima ni wangapi? Wale wenye vibali enzi hizo walikuwa elfu chache tu, na mbwa wote nchini walizidi milioni 8. Haya tufanye wapo wengi waliofichwa, tufanye hata 50,000, nawapa kwa ukarimu. Hao hawafiki mbwa mmoja katika kila mia, halafu wanabeba vifo vitatu katika kila kumi. Takwimu ileile iliyoletwa kuonyesha kwamba aina si kitu, ukiigeuza inaonyesha kinyume chake.

Ila na mimi nisijifanye mjanja, manake ukiendelea kuikuna inakugeukia tena. Vifo 30 kwa miaka 25 ni namba ndogo, tukio moja la ajabu linapindua asilimia zote. Halafu, na hili ndo linaniuma zaidi, fikiria ni mtu gani anakaa na mbwa aliyekatazwa na sheria. Ni mtu ambaye tayari kakubali kuvunja sheria, hamtoi mbwa nje kwa kuogopa kuonekana, hampeleki kwa daktari wa mifugo, pengine anamtaka kwa ajili ya kutishia watu au kulinda biashara zake za kiza. Kwa hiyo vile vifo tisa ni vya mbwa au ni vya wenye mbwa? Huwezi kuvitenganisha kwa namba hizi. Nimejaribu, haiwezekani. Ninachoweza kusema bila kuongopa ni kwamba ile 21 kati ya 30 haithibitishi kile inachotumiwa kuthibitisha, basi.

Kuna na namba nyingine, ya utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2022, mbwa zaidi ya 18,000 waliulizwa habari zao (wenyewe waliulizwa, mbwa hajibu maswali) na ikaonekana aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Utafiti mzuri. Ila ulipima tabia, mbwa anapenda watu kiasi gani, anatii kiasi gani, anashtuka upesi au la. Haukupima akishang'ata kinatokea nini.

Tena tuwe wakweli kidogo. Mtu anayetafuta mbwa wa ulinzi huku kwetu haulizi mbwa mwenye malezi mema, anataka rotwaila, anataka jemani shepadi, mwenye hela anataka boaboeli kutoka Afrika Kusini, na analipa zaidi kwa sababu ya mbegu. Muuzaji naye anakuhakikishia baba yake alikuwa hatari. Kwenye kununua mbegu ni kila kitu, siku ya kesi inakuwa mbegu si lolote si chochote, ni malezi! Ukiona vyaelea vimeundwa. Hawa mbwa wameundwa na watu kwa kuchagua dume huyu na jike yule vizazi na vizazi, na kama kuchagua kunaweza kumfanya mbwa akachunga kondoo bila kufundishwa sana basi kunaweza kumfanya na mengine.

Na hapohapo kwenye kuunda ndo marufuku ilipochemka vibaya. Orodha ya 1991 ilifunga mlango kwa pitibuli, wazalishaji huko Marekani wakawa wanamchanganya pitibuli na wenzake mpaka akatoka mbwa mpya mnene zaidi, American Bully, mwaka 2013 akatambuliwa rasmi na klabu moja kubwa ya mbwa ya kwao, akaingia Uingereza kupitia dirishani kwa jina ambalo halimo kwenye orodha. Miaka michache baadaye yule mkubwa wao, XL, ndo anatajwa kwenye vifo. Kwa hiyo orodha ilizaa tatizo jipya kwa namna fulani, na sioni kwa nini hii ya 2023 isizae lingine, kuna mijibwa mingine ya kutosha tu duniani.

Marufuku yenyewe nayo ina matundu. Mei 2024, Hornchurch mashariki mwa London, mwanamke aliuawa ndani kwake na XL Bully wake wawili, na walikuwa wamesajiliwa vizuri kabisa. Sheria inataka mdomo ufungwe hadharani, sebuleni haimo. Na gharama polisi wanailia mpaka leo, kuwatunza mbwa waliokamatwa kulikuwa kunakula kama pauni milioni 4 mwaka 2018, baada ya XL kuingia kwenye orodha ikapita milioni 11.

Afrika Kusini mwishoni mwa 2022 mambo yalikuwa moto kweli baada ya watoto kuuawa na pitibuli, wa Bloemfontein akiwemo, watu zaidi ya laki moja wakasaini ombi la kumpiga marufuku na wengine wakawapeleka mbwa wao SPCA, shirika la kutetea wanyama la kule, wenyewe kwa miguu yao. Watu wa vilabu vya pitibuli wakasema mhasini, msimpige marufuku. Nilichokiona pale ni kwamba waliokuwa wanadai marufuku wengi ni watu wa vitongoji, nyumba zimebanana, ukuta hakuna au upo wa bati, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba jirani yake ajifunze kumlea mbwa ni kumwambia asubiri zamu yake.

Kwa upande wetu Tanzania na Kenya nakiri swali linaanzia kwingine. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, asilimia 99, wanakipata kwa mbwa, na virusi haviulizi mbegu, mbwa koko wa kilo kumi na mbili anaua vizuri tu kama hajachanjwa. Hapo chanjo kwanza, orodha ya mbegu baadaye sana.

Lakini turudi kwa Waingereza manake kuna kitu wanakisahau wote, wa marufuku na wa lawama. Zamani ukitaka kukaa na mbwa ulikuwa unakata leseni, pensi 37 tu, hela ya kuchezea, na serikali ikaifuta mwaka 1987 kwa kuona haina maana. Miaka minne baadaye ndo wakaja na orodha ya mbwa. Yani walitupa kile kidaftari ambacho kingewaonyesha wenye mbwa ni akina nani, wakabaki na kitu kimoja tu cha kukamata, umbo la mbwa. Linganisha na Calgary, Kanada: kule hakuna aina iliyokatazwa, ila kila mbwa akifikisha miezi mitatu ana leseni, faini ni kali, na mbwa akishatangazwa hatari leseni yake inapanda bei. Mkoa wa Ontario, nchi hiyohiyo, wao walimpiga marufuku pitibuli mwaka 2005. Kama unataka kweli kumshika mwenye mbwa kabla ya jino, basi ni ya Calgary, mtu aulizwe, aandikwe, alipe, kabla mbwa hajavuka mlango. Anayesema alaumiwe mwenye mbwa huku hataki leseni, hataki kuulizwa wala kukaguliwa, huyo anataka mazishi na hukumu tu.

Na kwa kuwa England hiyo leseni haijarudi, mimi kwa sasa nasimama na wale waliotaka XL aondoke, futi na matundu yake yote. Leo hii ukitaka jibwa la kilo 60 ambalo halimo kwenye zile aina tano unalinunua na kuondoka nalo, unatakiwa liwe na chipu na kola yenye jina lako, na hakuna mtu atakayekuja kuuliza geti lako linafungwaje.