Wang Xing na hesabu ya dakika

Mwanzoni mwa mwaka 2010 Wang Xing alikuwa anakaribia kutimiza miaka 31, na karibu kila alichokuwa amekijenga kilikuwa kimeshamtoka mkononi. Mtandao wake wa kwanza uliovuma aliuuza kwa bei ambayo baadaye ilionekana ni ya kutupa. Mwingine ulizimwa wakati unapendwa. Machi 4 mwaka huohuo akafungua tovuti nyingine jijini Beijing, akaiita Meituan. Leo ukikaa mji wowote mkubwa wa China, wale vijana wenye makoti ya njano wanaokatiza barabarani na vyakula kwenye masanduku ni wa kampuni hiyo.

Kwetu, ukizungumzia matajiri wa intaneti wa China, jina linalotajwa ni Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba. Si ajabu. Alifika Nairobi na Kigali mwaka 2017, na wakati wa korona barakoa zake zilisambazwa Afrika nzima. Lakini kijana akiniuliza maisha ya nani asome kabla hajaanzisha biashara ya mtandaoni, namwelekeza kwa Wang Xing. Nampenda kama mjenzi. Pia nina neno naye, na nitalisema humu humu, kwa sababu naamini sifa yake na kosa lake vimetoka mfuko mmoja.

Alizaliwa mwaka 1979 Longyan, katika jimbo la Fujian. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mwenye uwezo. Hilo lazima lisemwe mapema, maana hadithi za watu walioanguka mara nne wakainuka husimuliwa kana kwamba kila mtu ana uwezo wa kuanguka mara nne. Wang Xing alikuwa na pa kuangukia. Akasoma Tsinghua, chuo ambacho kila mzazi wa Kichina hukiota, akamaliza mwaka 2001, akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Delaware, kusomea shahada ya uzamivu. Hakuimaliza. Aliona mitandao ya kijamii inachipuka Marekani, akafunga virago akarudi Beijing kuunda ya kwake pamoja na rafiki zake, akiwamo Wang Huiwen waliyesoma naye Tsinghua.

Majaribio ya mwanzo yalikufa kimyakimya. Kisha, mwishoni mwa 2005, ikaja Xiaonei, maana yake "ndani ya chuo". Tuseme ukweli: ilikuwa Facebook iliyovalishwa Kichina. Mpangilio, rangi, hata namna ya kujiunga. Wengi humcheka kwa hilo mpaka leo, na jina la mwigaji limemganda. Mimi simcheki. Fundi seremala hujifunza kwa kutengeneza kiti kilekile cha mwalimu wake mara kumi, mpaka siku moja mkono wake unaanza kukataa. Tena kuiga ukurasa ni rahisi. Kupata watu wa kuutumia ndiyo kazi, na hapo hakuwa na wa kumwiga. Inasimuliwa kwamba likizo ya mwaka mpya wa Kichina ilipokaribia, vijana wake walikodi mabasi ya kuwapeleka wanafunzi stesheni ya treni. Nauli yake? Jiandikishe Xiaonei. Hilo ni wazo la mtu anayejua baridi ya Beijing na uzito wa begi la mwanafunzi anayerudi kwao.

Watumiaji waliongezeka kupita uwezo wa kuwahudumia. Seva zilihitaji pesa, wawekezaji wakasita, na mwaka 2006 Xiaonei ikauzwa kwa takriban dola milioni 2 kwa mfanyabiashara Chen Yizhou. Akaibadilisha jina kuwa Renren, na Mei 2011 akaiingiza soko la hisa la New York na kukusanya zaidi ya dola milioni 700. Hebu fikiria kuisoma habari hiyo ukiwa wewe ndiye uliyekodi yale mabasi.

Baada ya kuiuza Xiaonei, Mei 2007, Wang Xing akaanzisha Fanfou, mtandao wa kuandika mistari mifupi kama Twitter. Ulikua, ukapata watu wenye mambo ya kusema. Julai 2009 zikatokea ghasia za Urumqi, mji wa magharibi mwa China, na mamlaka zikazima mitandao kadhaa, Fanfou ukiwamo. Mwezi uliofuata kampuni kubwa ya Sina ikafungua Weibo yake. Fanfou iliporuhusiwa tena, Novemba 2010, mwaka na zaidi ulikuwa umepita na watu wote walikuwa wamehamia kwa jirani. Katika mikasa yake yote huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hapakuwa na kosa la kibiashara la kujifunza humo. Hata hivyo Wang Xing hakuuacha mtandao wake. Aliendelea kuandika humo miaka mingi, tajiri wa mabilioni anayezungumza katika chumba kilichobaki na watu wachache.

Kuna jambo moja la kipindi hicho lisilojulikana sana kwetu. Miongoni mwa wahandisi waliofanya naye kazi siku za Fanfou alikuwamo kijana mwingine wa Longyan, Zhang Yiming. Yeye ndiye aliyeanzisha ByteDance mwaka 2012, na kutoka hapo ikazaliwa TikTok. Kwa hiyo vijana wawili wa mji mmoja wa milimani Fujian walikaa ofisi moja, wakaona kazi yao ikizimwa, na kila mmoja akaenda kujenga dude lake. Wale wanaohesabu kampuni zilizokufa kama hasara tupu sidhani wamewahi kuangalia watu waliotoka ndani yake walikwenda wapi.

Meituan nayo ilianza kwa kuiga, safari hii Groupon ya Chicago. Biashara yenyewe akina mama wetu wanaijua bila kompyuta: mkichanga watu kumi mkanunua kwa pamoja, muuzaji anashusha bei. Mgahawa unatoa punguzo, tovuti inauza vocha, watu wakitimia wote wanakula kwa bei ya chini. Wazo jepesi, na kwa sababu ni jepesi kila mtu akalikimbilia. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo China ilikuwa na tovuti za namna hiyo zaidi ya 5,000. Wachina wenyewe wakaiita vita vya tovuti elfu.

Mwaka 2011 washindani walimwaga pesa za wawekezaji kwenye mabango, kwenye vituo vya mabasi, kwenye televisheni. Wang Xing akakataa kuingia kwenye mbio za matangazo. Pesa alizielekeza kwenye programu za ndani na kwenye timu ya kuzungukia migahawa mlango kwa mlango, na kuiongoza timu hiyo akamchukua Gan Jiawei, mtu aliyekomaa katika mauzo huko Alibaba. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililomjenga. Wenzake walikuwa wanafaidika na vocha zilizopitwa na muda: umenunua, umesahau, pesa imeliwa. Meituan ikaanza kuwarudishia watu pesa ya vocha ambazo hawakuzitumia. Kwenye karatasi ni hasara. Kwa mnunuzi ambaye ameshaibiwa mara tatu na tovuti nyingine, ni sababu ya kutohama tena.

Julai 2011, uvumi ulipoenea kwamba kampuni zote za vocha zinafilisika, aliwaonyesha waandishi wa habari salio la benki la kampuni: zaidi ya dola milioni 60. Mtaji ulipokauka sokoni, maelfu ya tovuti zikafa. Lashou, tovuti nyingine ya vocha iliyokuwa inajiandaa kuingia soko la hisa la Nasdaq huko Marekani, ikaondoa maombi yake. Meituan ikabaki imesimama.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi nami nitayapita kasi. Novemba 2013 ikaingia kwenye kupeleka chakula, nyuma ya Ele.me iliyoanzishwa na wanafunzi wa Shanghai. Oktoba 2015 ikaungana na Dianping, tovuti ya maoni ya wateja kuhusu migahawa na mpinzani wake mkubwa. Alibaba, waliokuwa wamewekeza kwake, wakaishia upande wa Ele.me, naye akawa na Tencent, kampuni nyingine kubwa ya intaneti ya China. Septemba 2018 ikaingia soko la hisa la Hong Kong na kukusanya takriban dola bilioni 4.2. Siku ya kupiga kengele akamshukuru marehemu Steve Jobs, kwa kuwa bila simu ya mkononi ya kisasa biashara yake isingekuwepo.

Sasa nije kwenye neno langu naye.

Mwaka 2020 Meituan ilipeleka oda za chakula zaidi ya bilioni 10. Faida ya uendeshaji katika kazi hiyo ilikuwa takriban yuani bilioni 2.8. Gawanya mwenyewe: haifiki hata theluthi moja ya yuani kwa kila oda. Hii ni biashara ya punje, na Wang Xing ni bingwa wa punje. Tatizo ni kwamba punje hizo zinatafutwa kwenye dakika, na dakika ni za mtu aliye juu ya pikipiki.

Septemba 2020 jarida la Renwu la China lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu wapelekaji wa chakula wa Meituan na Ele.me. Kuna takwimu moja humo haijanitoka kichwani. Muda wa juu wa kupeleka chakula umbali wa kilomita 3 ulikuwa saa 1 mwaka 2016. Mwaka 2017 ukawa dakika 45. Mwaka 2018, dakika 38. Barabara hazikufupishwa, na lifti za majengo hazikuongezewa kasi. Mfumo wa kompyuta unaopanga muda uliona baadhi ya watu wanaweza kuwahi, ukaifanya kasi yao kuwa sheria kwa wote; wakakimbia zaidi wasikatwe pesa, mfumo ukajifunza kwamba kumbe inawezekana, ukapunguza tena. Watu wakapita taa nyekundu. Watu wakaendesha upande usio wao. Baada ya makala ile, Meituan ikaahidi kuwaongezea wapelekaji dakika 8.

Niliishi Wuhan nikiwa mwanafunzi, ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Sikuwahi kumwona mpelekaji chakula akitembea. Wa njano wa Meituan, wa buluu wa Ele.me, wote walipanda ngazi mbilimbili. Baada ya muda nikawa nashuka mimi, namsubiri chini.

Aprili 2021 ofisa mmoja wa idara ya kazi ya jiji la Beijing aliivaa kazi hiyo kwa siku moja, kamera za televisheni zikimfuata. Saa 12 za kazi, yuani 41. Alikaa chini pembeni ya barabara akiwa hoi. Kampuni ilijitetea kwa muda mrefu kwamba wapelekaji wengi si waajiriwa wake, ni wa makampuni ya wakala au ni watu huru. Kisheria ilikuwa na hoja. Lakini aliyepanga dakika 38 ni nani? Huwezi kuwa bwana wa saa ya mtu halafu ukasema humjui.

Mwaka huo wa 2021 ulikuwa mzito kwake. Mamlaka za ushindani zilikuwa zimeanza kumchunguza pale alipobandika Fanfou shairi la kale, la enzi ya Tang, kuhusu mfalme aliyechoma vitabu. Watu wakalisoma kama kijembe kwa serikali, hisa zikaporomoka kwa mabilioni ya dola ndani ya siku chache. Akalifuta, akaeleza kwamba alikuwa anawaza juu ya washindani, kwamba anayekuangusha hutoka upande usioutazama. Juni akatoa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa taasisi yake ya hisani. Julai serikali ikaagiza wapelekaji wasilipwe chini ya kima cha chini cha eneo lao. Oktoba ikaja faini ya yuani bilioni 3.44, kwa kuibana migahawa isiuze kwingine.

Naiona faini ile ilikuwa ya haki. Kilichonisikitisha ni shairi, kwamba mtu aliyepoteza mtandao wake mwaka 2009 aliporudi kuandika mistari michache ndani ya mtandao huohuo alilazimika kuifuta.

Kuhusu wapelekaji, hatua kubwa ilikuja Februari 2025. JD.com, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliingia kwenye biashara ya chakula na kutangaza kwamba itawalipia bima ya jamii wapelekaji wake wa kudumu. Meituan nayo ikatangaza mpango wake wa bima siku hizohizo. Miaka zaidi ya 11 tangu oda ya kwanza ya chakula, na katika mwaka 2023 pekee watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamepata kipato kwa kuibebea mizigo. Mtu aliyerudisha pesa za vocha mwaka 2011, wakati hakuna aliyemlazimisha, angeweza kulifanya hili mapema. Aliujua uzito wa uaminifu kwa mnunuzi. Kwa mbebaji alisubiri mpinzani.

Na sasa amevuka mipaka. Kampuni yake ya nje, Keeta, ilianza Hong Kong mwaka 2023, ikaingia Saudi Arabia mwaka 2024, na mwaka 2025 ikafika Qatar, Kuwait na Falme za Kiarabu. Huko Ghuba wapo vijana wetu wengi, wa Mombasa, wa Kampala, wanaoishi kwa pikipiki za kupeleka chakula, Keeta na nyinginezo. Kama unasoma hapa na ndiyo kazi yako, niandikie hapo chini: kilomita 3, katika joto la Agosti, unapewa dakika ngapi?