Alama ya Barua Taka Isiishie Kwenye Ndiyo na Hapana

Kichujio cha barua taka hakianzi kwa kusema ndiyo au hapana. SpamAssassin, programu iliyoanza mwaka 2001, hupitisha kila barua pepe kwenye mamia ya kanuni; baadhi huongeza alama, nyingine hupunguza, na jumla yake ndiyo hulinganishwa na kizingiti, ambacho ni 5 iwapo msimamizi wa seva hajakibadilisha. Barua yenye alama 5.1 na yenye alama 27 huishia katika folda moja, kisha folda hiyo hupangwa kwa tarehe, kana kwamba kichujio hakikuona tofauti yoyote kati yao. Wako wanaotaka alama hizo zitumike kupanga barua ndani ya programu ya kusomea, na wako wanaoliona jambo hilo kuwa mchezo wa mafundi. Hawa wa kwanza, kwa maoni yangu, hawajasikilizwa vya kutosha.

Mtu anayefungua folda ya barua taka hatafuti taka. Anatafuta barua halali iliyopotelea humo, na barua ya namna hiyo, ikiwa kichujio kinafanya kazi yake, haikupata 27. Imepata 5 na ushei, pengine kwa sababu mtumaji aliandika mada kwa herufi kubwa tupu, au seva yake imo katika orodha ya zinazoshukiwa, au barua nzima ni picha isiyo na maandishi. Tuseme folda ina barua 300. Zikipangwa kwa tarehe, hiyo moja yaweza kuwa popote, na msomaji analazimika kupitia mada zote 300, kazi ambayo jicho huichoka mapema, na kuanzia hapo anafuta tu bila kusoma. Zikipangwa kwa alama, ya chini ikitangulia, zenye shaka hukusanyika juu, na anayesoma 20 au 30 za mwanzo amekwisha kupita mahali ambapo kosa lina nafasi kubwa zaidi ya kujificha. Hasara za makosa mawili ya kichujio hazilingani hata kidogo: taka iliyopenya hufutwa mara moja, ilhali jibu la ombi la kazi lililozikwa huenda lisiandikwe tena, na aliyelingoja hatajua kamwe kwamba lilifika. Kipimo kinachopunguza kosa hili la pili tayari kimeandikwa ndani ya barua yenyewe. Tunakilipia kwa muda wa seva, kisha tunakificha.

Wanaopinga husema kwamba programu nyingi hupanga alama kama maandishi, hivyo 10.3 hutangulia 5.1 kwa kuwa tarakimu 1 hutangulia 5. Ni kweli, lakini SpamAssassin huweza pia kuandika mstari uitwao X-Spam-Level, wenye nyota moja kwa kila alama kamili, na nyota hata zikisomwa kama maandishi hupangika sawasawa. Mutt, programu ya kusomea barua pepe, kwa upande wake ina mpangilio wa alama za taka tangu zamani.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Alama hupima jinsi barua inavyofanana na taka, wala si hatari yake. Barua ya ulaghai iliyoandikwa kwa ustadi na kutumwa kutoka akaunti halali iliyotekwa yaweza kupata alama 1, huku jarida ambalo msomaji alijiandikisha mwenyewe likipata 4. Anayepanga kikasha chake kikuu kwa alama atamweka mlaghai miongoni mwa waaminifu, tena kwa namba inayoonekana kumthibitisha, na juu ya hayo atapoteza mfuatano wa mazungumzo. Hapo wapinzani wana haki, nami nisingependekeza mpangilio huo nje ya folda ya taka.

Hata ndani ya folda hiyo, faida hutegemea aina ya kichujio. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham alieleza njia ya kukadiria uwezekano wa barua kuwa taka kutokana na maneno yake, na mwenyewe aliona kwamba majibu machache sana huangukia katikati: karibu yote husogea kwenye 0 au 1. Barua 300 zenye 0.99 hazina tofauti ya kuzipangia. Kwa kichujio cha namna hiyo, tarehe inatosha.