Eti Weusi wa Marekani hawapendi kulipa madeni

Juzi kaka yetu mmoja katika kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku Marekani aliamua kutupa somo. Simtaji, maana misibani na harusini bado tunakutana. Mtu aliweka habari kuhusu serikali kuwafuata walioshindwa kulipa mikopo ya vyuo, kazi iliyoanza tena Mei 2025 baada ya kusimama tangu enzi za korona, na kaka akashusha ujumbe wa sauti, mrefu. Kwa ufupi: Wamarekani Weusi wamepewa kila kitu. Wamezaliwa hapa, Kiingereza ni chao, hawana shida ya makaratasi, halafu wanakopa, wanasoma, wanamaliza, wanakaa kusubiri kusamehewa. Sisi tumeingia na begi moja, tukabeba boksi, yaani vibarua vya mikono, leo tuna nyumba. Vidole gumba vikamiminika.

Nilijaribu kujibu, nikaambiwa nisilete siasa kundini. Sawa, naileta huku.

Nianze na hilo begi moja. Ndani yake kulikuwa na shahada ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya enzi serikali ikilipa ada, malazi na chakula, na boom, ile posho ya mwanafunzi, juu. Kaka alipanda ndege akiwa msomi asiyedaiwa hata senti. Wadogo zake wa enzi za Bodi ya Mikopo ndio wanaojua utamu wa kukatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Na kulikuwa na ile 6% ya kila mwaka, eti ya kulinda thamani ya fedha, mtu anakatwa miaka na miaka, akiuliza salio anakuta deni liko palepale. Mitandao ilichafuka mpaka Rais Samia akatangaza Mei Mosi 2021 kwamba inafutwa. Sikumbuki mtu kundini kwetu akisema wale walimu na manesi waliokuwa wanakatwa ni wavivu. Tulisema wanaonewa. Kilio hichohicho kikitoka kwa Mweusi wa Ohio, kinageuka uvivu.

Haya, tuje kwenye hesabu, kwa kuwa kaka anapenda hesabu.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya Brookings ya hapa Marekani ilitoa uchambuzi wa waliomaliza shahada ya kwanza. Siku ya mahafali, Mweusi kwa wastani alidaiwa dola 23,400 na Mzungu 16,000. Tofauti ya 7,400, mtu anaweza kusema ni ya kawaida. Miaka minne baadaye Mweusi anadaiwa karibu 53,000, Mzungu 28,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni kwamba Weusi wengi zaidi walirudi kusoma shahada ya pili kwa mkopo. (Na kwa nini mtu arudi shule haraka hivyo? Muulize aliyetuma maombi ya kazi na shahada ya kwanza akaona nani anaitwa na nani haitwi.) Lakini sehemu nyingine ni riba tupu. Asilimia 48 ya Weusi walikuwa wanadaiwa zaidi ya walichokopa. Kwa Wazungu ni 17.

Najua kuna anayejiuliza deni linakuaje wakati mtu analipa. Kazini kwangu kuna mama mmoja, Mmarekani Mweusi, ana shahada, hakosi kazini, chakula anakuja nacho kwenye kopo. Siku moja wakati wa mapumziko alinifungulia akaunti yake ya mkopo kwenye simu. Juu kabisa maandishi ya kijani: asante kwa malipo yako. Chini yake salio. Akanionyesha na la mwaka uliotangulia, alikuwa amelipiga picha. La mwaka uliotangulia lilikuwa dogo. Akacheka, akafunga simu, akaendelea kula.

Chukua deni la dola 30,000 kwa riba ya 6.5%. Riba peke yake ni 1,950 kwa mwaka, yaani kama 162 kwa mwezi. Mshahara wako mdogo, kwa hiyo umewekwa kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, tuseme 100 kwa mwezi. Unalipa kwa uaminifu, hukosi hata mwezi mmoja. Mwisho wa mwaka umetoa 1,200 na unadaiwa 750 zaidi ya ulipoanza. Mwenzako mliyesoma naye darasa moja, ambaye baba yake alifuta deni lote kwa hundi moja wiki ya mahafali, shahada ileile imemgharimu 30,000 basi. Wewe itakugharimu zaidi, na ukikaa karibu miezi tisa bila kulipa sheria inaruhusu ukatwe hadi 15% ya mshahara bila mtu kwenda mahakamani. Ndiyo, 15 ileile tunayoijua.

Kwa hiyo swali la maana ni nani ana baba wa kuandika hundi. Benki Kuu ya Marekani hupima utajiri wa kaya kila baada ya miaka mitatu, yaani mali zote ukitoa madeni. Mwaka 2022 kaya ya Kizungu ya katikati, yaani nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini, ilikuwa na dola 285,000. Ya Weusi, 44,900. Hapo hatuzungumzii mshahara. Mshahara unaweza kulingana hadi senti ya mwisho na bado mmoja ana nyumba ya babu nyuma yake, mwingine ana babu anayehitaji kulipiwa dawa.

Na nyumba ya babu haikushuka kutoka mbinguni. Vita vya Pili vilipokuwa vinaelekea ukingoni, mwaka 1944, Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia askari wake masomo na kuwadhamini wapate mikopo ya nyumba. Kwenye karatasi haikubagua rangi. Utekelezaji ukaachiwa benki na maofisa wa mitaa, wakiwemo wa majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, mikopo zaidi ya 3,200 ilidhaminiwa chini ya mpango huo. Iliyoenda kwa askari Weusi ilikuwa miwili. Miwili! Walipigana vita ileile, wakavaa sare ileile. Nyumba zile zilizonunuliwa wakati huo ndizo zinazolipa ada leo. Wajukuu wa wale wengine wanasaini mkopo, halafu sisi tuliokuja juzi tunawauliza kwa nini hawajajipanga.

Sasa nifike kwenye linaloniuma hasa, maana hili limeingia nyumbani kwetu.

Kuna mkopo wa serikali wanaopewa wazazi, unaitwa Parent PLUS. Mtoto ana ukomo wa anachoweza kukopa mwenyewe. Ada ikizidi hapo, mzazi anaitwa. Kwa miaka mingi mzazi aliruhusiwa kukopa hadi gharama yote iliyobaki, na serikali haikuangalia kipato chake hata kidogo. Iliangalia tu kama ana doa baya kwenye historia ya mikopo. Mama anayetunza wazee zamu ya usiku, akilipwa kwa saa, anakubaliwa ndani ya dakika chache. Riba ya mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa 8.94%. Kabla fedha haijafika chuoni inakatwa ada ya zaidi ya 4%, kwa hiyo ukikopa 10,000, zaidi ya 400 zimeshaondoka, na riba unalipa kwenye elfu kumi yote. Mkopo ni wa mzazi. Mtoto akipata kazi nzuri huwezi kumhamishia, na mipango mingi ya nafuu ya kulipa kwa kipato wazazi hawaruhusiwi.

Dada mmoja wa kundini, baada ya mimi kuzimwa, alinitumia pembeni picha ya barua ya binti yake kutoka chuo alichokubaliwa. Kichwa cha barua kinasema hongera, huu hapa msaada wako wa fedha. Inafuata orodha. Ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Punguzo la chuo. Mkopo wa mwanafunzi. Mstari wa mwisho, kwa maandishi yaleyale: mkopo wa mzazi, dola elfu kumi na tisa na ushee. Jumla ya msaada imelingana na ada, imebaki sifuri. Dada kaniuliza, "Kwa hiyo hatulipi kitu?" Yeye siyo mjinga, ni mhasibu kwa taaluma, huko Mwanza alishika hesabu za watu. Barua ndiyo iliyoandikwa hivyo. Yaani deni la 8.94% linaitwa msaada, limepangwa foleni moja na ruzuku, linakungoja wewe useme asante.

Vyuo vya kihistoria vya Weusi, vile vilivyoanzishwa kuwasomesha wao enzi za ubaguzi, vinategemea sana mkopo huu, kwa sababu familia zinazopeleka watoto huko hazina akiba na vyuo vyenyewe havina mfuko mnono wa kuwasamehe ada. Mwaka 2011 serikali ilipokaza kidogo masharti ya historia ya mikopo, wanafunzi wakapukutika katika vyuo hivyo, wengine katikati ya masomo. Ukiuacha mkopo, mtoto hasomi. Ukiuchukua, mama anaingia uzeeni na deni. Mwaka 2019 tajiri Robert F. Smith alisimama kwenye mahafali ya Morehouse, kimojawapo cha vyuo hivyo, akawaambia wahitimu karibu 400 kwamba anafuta madeni yao, na baadaye akajumuisha ya wazazi. Iligharimu dola milioni 34. Watu walilia kwa furaha, na mimi video ile sikuimaliza nikiwa na macho makavu. Halafu ukafika mwaka 2020, na darasa lililofuata likahitimu na madeni yake.

Mambo mengine nayapita tu. Deni la chuo ni gumu kufutwa hata mtu akitangaza kufilisika, tofauti na deni la kadi. Mpango wa Biden wa kufuta hadi 10,000, au 20,000 kwa waliosoma kwa ruzuku ya wenye kipato kidogo, uliuawa na Mahakama ya Juu tarehe 30 Juni 2023, kura sita kwa tatu. Jana yake mahakama hiyohiyo ilikuwa imekataza vyuo kuzingatia rangi katika kudahili. Siku mbili mfululizo, hongera zao.

Nikubali, maana mtanisema. Wapo waliokopa hovyo. Wapo waliojiunga na vyuo binafsi vya kutafuta faida vilivyotangazwa kwenye basi wakatoka na cheti ambacho hakuna mwajiri anakiheshimu, ingawa na hapo ningeuliza matangazo yalibandikwa mitaa gani. Wapo Wazungu maskini wanaoteseka na mikopo hii vilevile, na kwa idadi ni wengi. Hilo halibadilishi kitu. Mfumo unaotoza zaidi wasio na mali, katika nchi ambayo mali iligawiwa kwa rangi, utawatoza zaidi Weusi bila mtu yeyote kuhitaji kuwa mbaguzi.

Na sisi wabeba boksi tunajua jambo moja ambalo kaka amejifanya kulisahau: kutuma nyumbani. Mshahara ukiingia, mama anasubiri, mdogo wako ana ada, bati la jikoni limevuja. Msomi Mweusi wa hapa anaishi hivyohivyo na ndugu zake, fedha inatoka kwake kwenda juu kwa wazazi, wakati mwenzake wa Kizungu bado anapokea kutoka kwao malipo ya awali ya nyumba. Wachumi walionyesha mwaka 2015 kwamba kaya ya Mweusi mwenye shahada ilikuwa na mali pungufu kwa theluthi moja kuliko ya Mzungu aliyeacha sekondari. Aliyeacha sekondari, jamani. Watoto wetu wanapojaza fomu ya chuo hawajazi "Mtanzania aliyejituma". Wanajaza Mweusi, na nyuma yao kuna nyumba yenye rehani ya miaka 26 iliyobaki.

Sheria aliyosaini Trump Julai 4, 2025 imeona tatizo ni wazazi kukopa sana. Kwa mikopo mipya kuanzia Julai 1, 2026 mzazi ana ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Ada haikushushwa hata dola. Pengo litajazwa na benki binafsi, na benki zitauliza mdhamini mwenye mali.

Yule dada ameamua binti aanze chuo cha miaka miwili cha jirani, alale nyumbani, ahamie chuo kikuu baadaye. Nilimwambia ni uamuzi wa busara, na nilikasirika nikimwambia, kwa sababu alama za yule binti zinampeleka chuo chochote anachotaka.