Mwaka una sindano 13

Kuna tangazo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi. Shirika dogo la afya ya akili linatafuta wajumbe wapya wa bodi, na sifa ya kwanza waliyoiandika ni ushawishi katika jamii. Ya pili ni kuwa tayari kuhudhuria hafla. Mhasibu hakutajwa, wala mfamasia, wala wakili, wala mtu aliyewahi kuugua mwenyewe. Limeniudhi, kwa sababu atakayelilipia kosa hilo ni kijana wa Maweni au Muyeye anayesubiri sindano yake ya mwezi, na mama yake anayelala mlangoni ili asitoke usiku.

Nianze na sindano hiyo. Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, asipoweza kushika vidonge vya kila siku huchomwa flufenazini, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Modecate. Dawa imechanganywa na mafuta, huchomwa kwenye msuli, kisha hujiachia polepole mwilini kwa wiki kadhaa. Wagonjwa wengi huandikiwa kila baada ya wiki 4. Sasa tuseme shirika lina wagonjwa 60 wa namna hiyo. Anayepanga bajeti kwa haraka huzidisha 60 kwa miezi 12, akapata sindano 720. Lakini mwaka una wiki 52, na 52 ukizigawa kwa 4 unapata 13. Zinazotakiwa ni 780. Zile 60 zilizosahauliwa ni mzunguko mzima, wagonjwa wote kwa mara moja, na pengo lake huangukia Desemba, pesa za mfadhili zikiwa zimekwisha na za mwaka mpya hazijaingia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwa haraka. Dawa ya mafuta haikatiki mwilini siku moja. Mgonjwa aliyekosa sindano anaweza kukaa wiki kadhaa akiwa mtulivu, pengine hata akachangamka kwa kuwa ule usingizi na ukakamavu wa viungo unaoletwa na dawa umepungua. Nyumbani watasema amepona. Bodi ikikutana Januari itaambiwa hakuna malalamiko. Halafu Februari au Machi usingizi unamkimbia, sauti zinarudi, anatoka nyumbani usiku wa manane, na anayemfunga kamba ni nduguye wa tumbo moja. Siku hiyo hakuna anayekumbuka jedwali la bajeti la mwaka uliopita. Mweka hazina anayeijua kazi yake angeliliona pengo hilo tangu Machi ya mwaka uliotangulia, shirika likapata miezi tisa ya kutafuta pesa.

Ndiyo maana nikiulizwa ni mtaalamu gani atafutwe kwanza, nasema mhasibu. Si lazima atoe muda mwingi. Saa sita kwa mwezi zinatosha, mradi zitolewe kweli. Kila kikao alete ukurasa mmoja wenye mambo manne: pesa zilizopo benki, kiasi kilichofungwa na masharti ya wafadhili, kiasi kilicho huru, na miezi ambayo kiasi hicho huru kitanunua dawa. Akaunti inaweza kusoma shilingi 600,000 na wajumbe wakapumua, kumbe 540,000 zilitolewa kwa mafunzo tu na dawa hazina ila 60,000. Kuchota kwenye fungu la mafunzo ili kununua dawa ni kuvunja mkataba, hata nia ikiwa safi. Kinachofaa ni kumwandikia mfadhili mapema na kuomba ruhusa ya kuhamisha, na barua hiyo ina maana ikiandikwa Agosti, si Desemba.

Michango nayo iingie kwenye Paybill au Till yenye jina la shirika. Ikiingia kwenye simu ya mwenyekiti, haitajulikana ipi ni ya dawa na ipi ni ya karo za watoto wake, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya M-Pesa, taarifa ya benki na daftari la fedha vilinganishwe mstari kwa mstari, na mlinganishaji asiwe yule anayelipa. Benki itake saini mbili kati ya tatu. Kwa watu wa Lamu jambo hili lina uzito wake: mwenye saini akihamia Mombasa, hundi inalala Amu na dawa zinalala dukani. Afadhali malipo ya mtandaoni, mmoja aanzishe na mwingine aidhinishe, na wawili hao wasiwe mtu na mkewe wala ndugu. Najua katika miji yetu kila mtu ni jamaa wa mwenzake. Basi watafutwe walio mbali kidogo.

Kuna pia yule anayesema mhasibu wetu wa bodi atatukagulia vitabu bure. Hapana. Aliyekaa bodini hawezi kuwa mkaguzi wa hesabu za bodi hiyo hiyo, na mfadhili makini ataikataa ripoti hiyo akiona jina tu.

Mfamasia atawaepusha na kesi. Shirika lisilo na leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu halina ruhusa ya kuweka haloperidol, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, kabatini, hata liwe kabati la chuma. Dawa zipitie famasia ya hospitali au kituo chenye leseni kwa makubaliano ya maandishi, zikae mahali pasipopata jua wala joto la mabati, na zinazokaribia kuharibika zitoke kwanza.

Wakili ana kazi nyingi kuliko anavyodhani. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika 14 Mei 2024, kwa hiyo katiba nyingi za mashirika zinahitaji kusomwa upya kifungu kwa kifungu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na habari hizo zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Picha ya mgonjwa aliyefungwa kamba haifai kuwekwa Facebook ili kuchangisha pesa, hata familia ikiridhia. Mgonjwa mwenyewe aulizwe akiwa ametulia, na akikataa yaishe. Tena, 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Wakili wa bodi aandike barua ya ukurasa mmoja, aambatishe hukumu, aipeleke kituo cha polisi na kwa machifu kwa mkono wake. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na inaweza kumwepusha mtu na seli siku anapohitaji daktari.

Mwenye jina kubwa? Haya, apewe kiti kimoja. Sikatai kwamba akipiga simu idara ya afya ya kaunti mlango hufunguka. Lakini vikiwa vitano kati ya tisa, kikao hakitamaliza ajenda.

Walioishi na ugonjwa nao wapewe viti viwili, maana mmoja peke yake hunyamazishwa kwa urahisi. Kila mmoja arudishiwe nauli siku hiyo hiyo, si baada ya kujaza fomu. Na wa Lamu wapange saa ya kikao kwa maji. Mjumbe anayetoka Faza, kisiwani Pate, hupita kwa boti Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki maji yakipwa. Maji yenyewe husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kikao kilichowekwa saa nne asubuhi kila mwezi kitamwacha gatini mara kwa mara, kisha kumbukumbu ziandike kwamba hakuhudhuria bila udhuru. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa kumuuliza nahodha hakugharimu kitu.

Mtaalamu anayekubali kiti aandikiwe barua: saa ngapi kwa mwezi, kazi ipi, hadi tarehe gani. Ajenda ikigusa ofisi yake, boti yake au shemeji yake, aseme mwanzoni, atoke chumbani, na kutoka kwake kuandikwe. Asimwamuru muuguzi, mwenye kumwamuru ni mkurugenzi. Jina la mgonjwa lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp la bodi, itumike namba ya faili. Na muhula ukiisha, azimio la kuondoa saini yake lipitishwe katika kikao kile kile, nakala ya kumbukumbu ifike benki wiki hiyo, na nywila za akaunti zibadilishwe kabla hajakabidhi mafaili.