Askari akiumizwa hospitalini, nani abebe mzigo?

Fred Gardner, askari wa Marekani aliyetumikia jeshi wakati wa vita vya Korea, alipasuliwa mgongo katika hospitali ya Idara ya Maveterani, yaani idara ya serikali inayohudumia askari waliostaafu, kwa maradhi yasiyohusiana na utumishi wake. Baadaye mguu wa kushoto ukawa unamuuma na kukosa nguvu. Akaomba fidia, idara ikamkatalia kwa kuwa hakukuwa na kosa la daktari. Mwaka 1994 majaji wote wa Mahakama ya Juu walimpa haki: sheria haikudai kosa popote, ingawa kanuni ya idara ilikuwa ikilidai kwa miaka 60.

Bunge halikukawia. Mwaka 1996 lilibadili sheria yenyewe, na kwa maombi ya kuanzia Oktoba 1, 1997, mlalamikaji lazima aonyeshe uzembe au kosa la aina hiyo, la sivyo awe amepatwa na jambo ambalo halikutarajiwa.

Serikali ina hoja nzito. Daktari anaweza kufanya kila kitu sawasawa na mgonjwa bado akatoka na kilema. Tena pesa zilizookolewa kwa kubana fidia hii zilitumika kugharimia watoto wa askari wa Vietnam waliozaliwa na mgongo wazi. Watoto hao walistahili kila senti. Kinachoniuma ni kwamba malipo yao yalitolewa mfukoni mwa majeruhi wengine, kana kwamba hazina ya taifa lile haikuwa na fungu jingine.

Tazama pia fomu ya ridhaa. Mgonjwa anaisaini kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, huku imeorodhesha kutokwa damu, maambukizi, kuumia kwa neva. Akija kudai, orodha ile ile inaweza kutumika kuonyesha kwamba madhara yalitarajiwa. Inabaki kuthibitisha uzembe, na faili liko kwa idara, daktari ni wa idara, na mara nyingi hata mtaalamu anayetoa maoni ni wa idara.

Watetezi wa utaratibu huu hukumbusha kwamba ushahidi ukilingana, sheria humpendelea askari. Ni kweli. Ila utalingana vipi wakati upande mmoja ndio ulioandika karibu kila karatasi? Sidai kila upasuaji ulioharibika ulipwe. Nadai mzigo uhame: mtu akishaonyesha kwamba ulemavu umetokana na matibabu, idara ndiyo ithibitishe kwamba madaktari wake hawakukosea.